Walikosea Mlango, Wakachukua Gauni la Biharusi



Leo hatuna mtindo mpya wa shela wala rangi za sare za msimu huu. Tuna kisa chetu wenyewe. Tumekaa nacho muda mrefu bila ya kukiandika, kwa sababu mwanzo tulikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haandiki, anatukana. Sasa hasira imepoa, Alhamdulillah, na kila wiki kuna dada anatuuliza dukani, "Hivyo ile kesi yenu na madalali iliishaje?" Basi tunawajibu hapa nyote kwa pamoja.

Sisi ni mawifi wawili. Ndiyo, mawifi, na tunaelewana. Tumesoma skuli mpaka fomu foo, hatukuendelea, tukaenda kusoma ushoni pamoja. Tulishona nyumbani miaka mingi, cherehani ukumbini na watoto wanachezea bobini, mpaka tukaweza kukodi mlango wa duka mjini, si mbali na Darajani. Tunashona magauni ya harusi, sare za familia, madera na mabuibui.

Kabla yetu duka lile alikuwemo mtu aliyekuwa akiuza simu na redio. Aliondoka, mwenye nyumba akatupa sisi. Tulipaka rangi, tukatia pazia la kupimia nguo, tukaweka kioo kirefu. Kitu kimoja hatukukifanya: bango lake juu ya mlango hatukuliondoa. Tulisema tutalitoa tukipata pesa za bango letu. Ilipita miezi saba na pesa za bango zikawa kila mwezi zina kazi nyengine.

Ilikuwa mwanzo wa Mfungo Pili. Nyinyi mnajua wenyewe, Ramadhani ikishaondoka harusi zinafuatana kama mawimbi, na fundi halali. Mvua za masika zilikuwa hazijamaliza. Asubuhi hiyo tulifika dukani saa mbili na nusu tukakuta mlango uko wazi, makufuli mawili yamekatwa, bawaba imeng'oka, na ndani hamna kitu. Kilichobaki ni kioo na pini sakafuni.

Tukasema tumeibiwa. Mzee anayeuza kahawa pale jirani akatwambia, "Si wezi, wanangu. Ni madalali wa mahakama. Walikuja saa moja na karatasi yao. Niliwaambia humu wanashona wanawake, wakanionesha lile bango."

Mmoja wetu alikaa kwenye kizingiti akalia. Mwengine akatoa simu akaanza kupiga picha. Hatutasema nani alikuwa nani, lakini wote wawili walikuwa wanafanya kazi inayotakiwa.

Walichukua mashine mbili za umeme, overloki, pasi, vitambaa na nguo zote zilizokuwa zimetundikwa. Walizipakia kwenye gari isiyofunikwa na mvua inanyesha. Ndani ya nguo zile mlikuwa na sare 14 za lesi za familia moja, lesi waliileta wenyewe. Na mlikuwa na gauni la biharusi ambaye nikahi yake ilikuwa baada ya siku kumi.

Gauni hilo tuna haja ya kulieleza. Biharusi wetu alifiwa na mama yake akiwa bado skuli. Bibi yake alikuwa ameiweka shela ya harusi ya yule marehemu miaka yote hiyo sandukuni, imefungwa ndani ya kanga, inanukia udi. Aliileta dukani kwa mkono wake mwenyewe, akatuwekea mezani, akasema, "Wanangu, hii ni amana. Mumfanyie mjukuu wangu mikono ya gauni." Tukaikata kwa uangalifu, tukamtilia mikono. Sasa mikono ile ilikuwa ndani ya gari la watu tusiowajua.

Tulianza kwa sheha. Alikuja, akaona, akaandika. Kutoka hapo tukaenda polisi, halafu mahakamani. Karani alitafuta faili, na tukaoneshwa amri yenyewe. Jina lililoandikwa ni la yule muuza simu. Alidaiwa, alishindwa kesi, na aliyemdai akapewa amri ya kukamata mali zake. Majina yetu hayakuwemo popote. Kilichofanana na sisi ni anwani tu.

Tukamfuata dalali anakoweka mizigo. Tulimwamkia, maana ni mtu mzima. Vitu vyetu vilikuwa chini ya bati linalovuja. Mashine ilikuwa imelazwa juu ya gauni, na kutu ya mguu wa mashine imeingia kwenye satini. Mkono mmoja wa ile lesi ulikuwa umechanika. Tukamwambia kwa upole, "Baba, sisi siye. Huyo mtu hayupo pale tangu mwaka jana." Akatujibu, "Mimi natekeleza amri ya mahakama. Mkiwa na neno, nendeni mahakamani." Tukamwomba gauni tu, kwa ajili ya harusi ya mtoto wa watu. Akakataa. Alisema vitu viko chini ya mahakama na hawezi kutoa hata sindano.

Shoga yetu mmoja alitushauri twende kwa Kadhi. Tunasema hili kwa sababu na nyinyi mnaweza kudhani hivyo: Mahakama ya Kadhi inasikiliza mambo ya ndoa, talaka, matunzo, mirathi na wakfu. Hili letu lilikuwa la madai ya kawaida, na linakwenda kwenye mahakama ile ile iliyotoa amri. Tuliyaelewa haya kwa dada mmoja mwanasheria anayetoa msaada wa kisheria bila ya malipo. Zanzibar msaada huo upo. Kuna Kituo cha Huduma za Sheria, kuna ZAFELA ambayo ni jumuiya ya wanasheria wanawake, na kuna wasaidizi wa sheria huko kwenye shehia. Usikae nyumbani ukilia kwa kuogopa gharama za wakili.

Dada yule alitufahamisha jambo ambalo lilitushangaza. Alisema hata kama mdaiwa angekuwa ni sisi, sheria ya madai inataja vitu ambavyo havikamatwi kulipia deni: nguo za kuvaa za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, mapambo ambayo mwanamke kwa dini yake hawezi kuyaacha, na vyombo anavyofanyia kazi fundi. Cherehani ya fundi ni mkono wake. Sisi hatukuwa tunalijua hilo, na tunaamini wengi wenu hamlijui.

Hatua ya kwanza ilikuwa pingamizi. Mtu ambaye si mdaiwa lakini mali yake imekamatwa anakwenda kuiambia mahakama, "Hii ni yangu, na ushahidi ni huu." Hapo ndipo tulipoona faida ya makaratasi. Mkataba wa kukodi tulikuwa nao, umeandikwa kwa mkono lakini una tarehe, sahihi na mashahidi wawili. Leseni ya biashara ipo. Risiti za mashine zipo. Ila leseni ilikuwa kwa jina la mmoja wetu na risiti kwa jina la mwengine, na hilo lilituchelewesha, kwani ilibidi tuoneshe kuwa ni biashara moja. Kilichotusaidia ni daftari la oda. Kila nguo ina jina la mwenyewe, vipimo, tarehe ya kuletwa, na pesa iliyotangulizwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandika madeni na kushuhudisha. Tumeisoma tangu chuoni, lakini siku ile mbele ya hakimu ndiyo tuliifahamu kwa macho.

Mwenye nyumba naye alikuja akasema yule mpangaji alihama lini. Mzee wa kahawa akasema aliyoyaona. Siku ya 12 mahakama ikaamuru tupewe vitu vyetu.

Siku ya 12, na harusi ilikuwa siku ya kumi.

Biharusi wetu hatukumwacha. Mwalimu wetu wa ushoni alitukopesha mashine yake. Mmoja wetu aliuza bangili mbili za mahari yake, tukanunua satini na neti nyengine, tukashona usiku tisa. Gauni lilipatikana, na watu ukumbini walilisifu. Lakini mikono yake ilikuwa ya lesi ya dukani. Bibi yake alimtazama mjukuu wake, akamsifu, akamwombea dua. Halafu akatutazama sisi, asiseme kitu. Tungependa angetugombeza.

Vitu viliporudi tukajua hasara yenyewe. Mota ya mashine moja imeingia maji, overloki imepinda, lesi za sare zimetoa madoa ambayo hayakutoka. Hapo ndipo watu wakaanza kutwambia maneno mazuri yenye uzito. "Mshukuruni Mungu, vitu si vimerudi?" "Ni kadari hiyo." "Msameheni, kakosea, hakukusudia." Shangazi yetu mmoja akasema si tabia nzuri wanawake kushinda mahakamani wakigombana na wanaume. Hata nyumbani, mume mmoja alisema tuendelee, na mwengine akasema tuache, tusijitafutie maadui.

Na sisi wenyewe tulitetereka. Kwani Muislamu si husamehe? Tukalipeleka suala hili kwa mwalimu wetu wa darsa. Hakutupa fatwa ndefu. Alitukumbusha kisa cha bakuli. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, na mke mwengine akaleta chakula kwenye bakuli. Yule mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa aliyelileta, bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume alikusanya vipande na chakula kwa mikono yake, akamtetea mkewe mbele ya wageni kwamba ni wivu tu. Hakumfedhehesha. Lakini pia hakusema basi yameisha. Alitoa bakuli zima kutoka nyumba ile akalipeleka kwa aliyevunjiwa, na lile bovu likabaki pale lilipovunjikia.

Mwalimu akatwambia, "Mnaona? Alisamehe wivu na akalipa bakuli. Vyote viwili, kwa wakati mmoja. Mtu akiharibu mali ya mwenzake kwa kukosea, kosa linamwondolea dhambi, halimwondolei malipo." Kisha akatuuliza, "Katika hasara yenu, kipi ni chenu na kipi ni cha watu? Chenu mnaweza kusamehe mkitaka. Cha watu, mtakisameheje nyinyi?"

Tukarudi nyumbani, tukakaa na daftari, tukagawa kurasa mbili. Upande mmoja vyetu, upande mwengine vya watu. Kwa vile wanasheria nao wanataka kila kitu kwa hesabu, karatasi ile ile ndiyo ikawa barua yetu ya madai:

Makufuli, bawaba na fundi wa mlango, shilingi 145,000. Kutengeneza mashine, 380,000. Overloki, 220,000. Lesi za sare 14, kila moja 40,000, jumla 560,000. Gauni la harusi, 700,000. Gari ya kurudisha vitu, 40,000. Siku 12 bila ya kazi, kila siku 60,000, jumla 720,000. Yote pamoja shilingi 2,765,000.

Kila mstari tuliuambatanisha na picha, risiti au ukurasa wa daftari. Hatukuongeza hata shilingi. Mtu mmoja alitwambia tuandike milioni kumi ili tupunguziwe tupate tano. Tulikataa. Kuomba haki yako kwa uongo ni kuiharibu mwenyewe. Mwanasheria naye alisema dai lenye chumvi likigundulika mahali pamoja, halisadikiwi pengine pote.

Barua ilikwenda kwa dalali na kwa yule aliyemtuma, yaani aliyekuwa anamdai muuza simu. Jibu la kwanza lilikuwa shilingi 500,000, na waliita kifuta machozi. Tulijibu kuwa machozi tumeshayafuta wenyewe, sisi tunadai lesi za wanawake 14. Walileta pia hoja ya bango: mlango una jina la mdaiwa, wao wangejuaje? Mwanasheria wetu alijibu kuwa bango si mtu, na kwamba jirani aliwaambia na hawakusikiliza. Lakini faraghani alituambia kweli. Tukienda kwenye kesi kamili, hakimu anaweza kuona kuwa na sisi tulizembea kidogo kuliacha lile bango. Hilo lilituuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Iliendelea miezi minne. Mwisho, kesi ya madai ikiwa imeshaandikwa na inasubiri kufunguliwa, walikubali kukaa chini. Tulitazama karatasi yetu ya kurasa mbili. Zile siku 12 zilikuwa zetu peke yetu. Tukaziacha. Vingine vyote tukavishikilia, shilingi 2,045,000, zilipwe mara mbili, kwa maandishi, sheha na mwanasheria wakishuhudia. Zikalipwa.

Pesa ya kwanza kuingia haikupita mikononi mwetu zaidi ya usiku mmoja. Tulizunguka na bahasha 14, nyumba kwa nyumba. Halafu ndiyo mashine, halafu bangili. Mpaka leo mmoja wetu anasema zile siku 12 tuliziacha mapema mno. Mwengine anasema tungezishikilia tungekuwa tunakwenda mahakamani mpaka sasa. Huenda wote wawili wana haki.

Kilibaki kitu kimoja ambacho hakikuwemo kwenye hesabu, kwa sababu hatukujua bei yake. Lesi ya marehemu. Katika makubaliano tulitia sharti moja lisilokuwa la pesa: dalali aende kwa bibi yake biharusi akamtake radhi. Aligoma kidogo, mwisho akaja na mzee mmoja wa mtaa. Bibi aliwakaribisha, akawapa kahawa na haluwa. Kisha akaenda ndani akaleta ule mkono wa gauni, kutu na mchaniko wake, akamwekea mapajani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, siku nyengine uliza kwanza." Yule mtu mzima aliinamisha kichwa. Alisema nisamehe, na bibi akasema nimekusamehe.

Hapo tukafahamu kwa nini haikufaa sisi tusamehe kwa niaba yake. Tungemnyima bibi nafasi ya kutoa msamaha wake mwenyewe.

Mkono wa pili wa lesi ulikuwa umepona sehemu kubwa. Biharusi wetu, ambaye sasa ni mama, alituomba tuushone kwenye nguo yake ya kusalia, pale inapozunguka uso. Tulishona bila ya kulipwa.

Kwa dada zetu wenye maduka, na nyinyi mabiharusi mnaoacha nguo kwa mafundi, tunaacha haya machache.

Andikeni. Mkataba wa duka, risiti ya mashine, kila oda na tarehe yake. Mkifanya biashara wawili, majina ya wawili yaonekane kwenye karatasi. Biharusi, dai risiti hata kama fundi ni shoga yako.

Ondoeni bango la mtu aliyewatangulia siku ya kwanza, hata kama hamna la kwenu.

Wakija watu na amri, ombeni muisome: jina la nani, nambari ya kesi, muhuri wa mahakama. Msipigane nao. Piga picha, ita sheha na majirani, taka orodha ya kila kinachochukuliwa, kisha nendeni mahakamani siku hiyo hiyo. Pingamizi halisubiri kesho.

Mali ikirudi, ikagueni hapo hapo mbele ya mashahidi kabla ya kuiosha wala kuitengeneza. Kurudishiwa kitu si sawa na kulipwa kilichoharibika.

Na kabla ya kusema nimesamehe, gaweni karatasi kurasa mbili. Chako kisamehe ukipenda, na malipo yake yako kwa Mola wako. Cha mwenzio kifuatilie mpaka kimfikie.

Tunamwomba Allah atulipe kilichotupita, awape kheri wote waliotusimamia, azijaalie ndoa zenu mapenzi na rehema, na amrehemu yule mama ambaye lesi yake hatukumjua kwa kitu chengine. Amin.

Bango letu sasa lipo. Karibuni dukani.